Hamisheni dawati, msimhamishe mtoto

Kuna jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka kadhaa sasa. Jambo lenyewe linahusu wenzetu wenye ulemavu, mashuleni na makazini, na hasa yale marekebisho madogo madogo ambayo laiti wangefanyiwa wangesoma na kufanya kazi kama watu wengine. Mimi ni fundi mstaafu, si mwanasheria wala mwalimu. Nitasema niliyoyaona.

Nianze na shule. Binti wa marehemu dada yangu anaishi huku milimani, upande wa Matombo, na amejaliwa watoto wanne. Wawili kati yao wana ualbino. Kwa sisi Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo watoto hao ni wa kwetu hasa, na mambo yao yakiharibika mimi ndiye ninayeulizwa.

Yule mkubwa, mvulana, hakuwa mjinga hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa macho. Watu wengi wakimwona mwenye ualbino hufikiria ngozi tu, wanasahau kwamba macho yake nayo hayaoni mbali na huumizwa na mwanga mkali. Miwani husaidia, lakini haimalizi tatizo. Mtoto huyu alikalishwa nyuma kwa sababu ni mrefu. Basi mwalimu akiandika ubaoni, yeye hunyanyuka, husogea mbele, hunakili mstari mmoja, hurudi kukaa, hunyanyuka tena. Akaambiwa anasumbua darasa. Akaacha kunyanyuka. Tangu hapo akawa ananakili kutoka daftari la jirani yake, pamoja na makosa yote ya jirani yake.

Nilipopata habari nilikwenda shuleni. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti. Mwalimu mkuu akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, huyu mtoto apelekwe shule maalumu akakae na wenzake." Nikauliza shule hiyo iko wapi. Nikatajiwa Dodoma na Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri, sizidharau shule hizo. Buigiri ya Dodoma na Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam zimewafaa watoto wengi wasioona ambao bila hizo wangebaki jikoni mwa mama zao. Lakini mjukuu wangu si kipofu. Alitaka dawati la mbele, mbali na dirisha lenye mwanga wa jua. Alitaka ruhusa ya kusogea ubaoni bila kugombezwa. Alitaka akubaliwe kuvaa kofia pana na shati la mikono mirefu watoto wanapopangwa mstarini asubuhi, hata kama sare ya shule inasema mikono mifupi. Kwa mambo hayo matatu shule isingetoa hata shilingi moja. Badala ya kuhamisha dawati hatua sita, tuliambiwa tumhamishe mtoto mkoa mzima.

Kulikuwa na jambo la nne, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wake kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Wasioona huandaliwa karatasi za nukta nundu, na wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi za maandishi makubwa. Tena huongezewa muda, yaani dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Utaratibu huo ni wa nchi nzima. Lakini Baraza halimwoni mtoto wa Matombo. Baraza linaona orodha iliyotoka shuleni kwake. Mwaka 2021 mjukuu wangu alipofanya mtihani wa darasa la saba, katika orodha hiyo aliandikwa kama mtahiniwa wa kawaida. Akaletewa karatasi ya kawaida, akapewa muda wa kawaida. Aliniambia kwamba katika Hisabati karatasi zilikusanywa akiwa hajafika nusu ya maswali. Hakuchaguliwa.

Leo analima na kubeba ndizi kwenda sokoni. Kila anayejua ngozi ya mwenye ualbino inavyoliwa na jua atakuambia kwamba katika kazi zote za dunia, hiyo ndiyo asiyopaswa kufanya. Pale KCMC Moshi yanatengenezwa mafuta maalumu ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun, nasi tukiyapata tunampaka. Mafuta ni jambo jema. Hata hivyo mafuta ya kujipaka shambani hayawezi kuwa badala ya kiti ofisini ambacho angekipata kama angesomeshewa mahali anapoona.

Sasa tujiulize, je, nchi yetu haina sheria? Inayo, na wala si ya jana. Itakumbukwa kwamba mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa walemavu duniani. Mwaka uliofuata, 1982, Bunge letu lilipitisha sheria ya ajira ya walemavu, ikamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 2 kati yao ni walemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9, nayo ikapandisha kiwango. Sasa ni mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, na kiwango ni asilimia 3. Ule mkataba unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, ambayo hayamwelemei anayeyafanya, ni ubaguzi sawa na kumfungia mlango.

Hata maneno tumeyabadilisha. Zamani katika barua kama hizi tuliandika vilema bila kuona haya, baadaye tukaandika walemavu, na siku hizi tunasema watu wenye ulemavu. Ni vizuri. Ila ngazi za ofisini ni zile zile.

Nasema hivyo kwa sababu nina ushahidi. Kijana mmoja jirani yangu hapa Bigwa, anayetembelea magongo, aliona tangazo la kazi ya uandishi wa hesabu katika ofisi moja mjini. Chini ya tangazo iliandikwa kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Akaomba, akaitwa. Usaili ulifanyika ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti. Alipanda kwa kukalia ngazi moja baada ya nyingine huku shati lake jeupe likichafuka, akaingia mbele ya jopo akiwa amelowa jasho na amechelewa. Swali la kwanza aliloulizwa ni kwa nini amechelewa. Hakuna hata mmoja katika watu wale aliyefikiria kwamba wangeweza kushuka na makaratasi yao wakamsaili chini ya mwembe. Hapo ingegharimu nini?

Na isidhaniwe kwamba mambo haya ni mageni, kwamba yameletwa na wafadhili na semina. Mimi niliyaona katika miaka ya 1980, katika kiwanda kimoja pale Kihonda nilipokuwa fundi wa mashine. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu wa kulia kwa ajali ya barabarani, na ukapona vibaya. Mashine yake ya kushona ilikuwa ya kusimama, na kanyagio lake lilikuwa upande wa kulia. Utawala ulikwisha andaa barua ya kumwachisha kazi. Msimamizi wetu, mtu wa maneno machache sana, alikuja karakana akaniuliza, "Fundi, hili kanyagio haliwezi kwenda kushoto?" Nikamwambia linaweza. Tukakata bamba la chuma chakavu, tukachomelea mkono mpya, tukahamisha kanyagio kushoto. Seremala akatengeneza stuli ndefu kwa mbao za makasha. Kazi yote ilikuwa ya siku moja na nusu. Mwenzetu yule aliendelea na kazi kwenye mashine ile ile mpaka kiwanda chenyewe kilipofungwa, na katika siku nyingi idadi yake ya jioni ilizidi ya waliosimama, maana wao miguu ilichoka naye alikuwa amekaa. Baadaye wawili watatu walikuja kuniomba stuli. Tukawatengenezea.

Hakuna aliyetuletea mtaalamu. Ilikuwa ni swali moja tu, na swali lenyewe lilimhusu kanyagio, halikumhusu mguu.

Watu wengine watasema huo ni upendeleo. Nimelisikia neno hilo kwa walimu, kwa mabwana utumishi na hata kwa wazazi wenzangu, kwamba mtoto akiongezewa dakika katika mtihani wenzake wameonewa. La hasha. Dakika si alama. Anayesoma nukta nundu anapitisha vidole herufi kwa herufi. Ukimpa muda ule ule wa anayetupa jicho mara moja, hujapima Hisabati yake, umepima kasi ya vidole vyake. Na huyo bwana utumishi anayelalamika juu ya upendeleo, mwangalie, amevaa miwani. Mwambie aivue kisha asaini hundi.

Tena tukitazama vizuri, makazini tunarekebishana kila siku bila kelele. Ijumaa saa saba mchana Waislamu huenda msikitini, na kazi haijasimama. Msabato hupangiwa zamu isiyoangukia Jumamosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake, na sijapata kusikia mwanamume akidai na yeye apewe saa zake mbili. Huko Marekani hata neno hili la marekebisho yanayofaa lilianzia kwenye dini. Mwaka 1972 sheria yao ilimtaka mwajiri amrekebishie mfanyakazi ratiba kwa ajili ya ibada pale isipomletea mwajiri taabu kubwa, na baadaye wazo hilo hilo likahamia kwa wenye ulemavu, likatiwa nguvu na sheria ya mwaka 1990. Kwa hiyo tunachoombwa si kitu kipya. Tunaombwa tumfanyie mwenye magongo kile tunachomfanyia mwenye msala.

Hata hivyo, ndugu zangu wahusika, naomba tahadhari moja, na hapa nitasema kama mtu wa Uluguru. Marekebisho yasiyoanza kwa kumwuliza mwenyewe yanaweza kuwa mzigo mwingine. Wazee wetu walilijua hili kwa machungu. Mnamo miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliamuru milima yote ya huku ichongwe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuokoa udongo ilikuwa na sababu. Lakini amri ilikuwa moja kwa mlima mzima. Upande wa Mgeta, wenye maji ya mifereji na kilimo cha mboga, matuta yalifaa, na mpaka leo utayaona yamepandwa kabichi na viazi. Upande wa Matombo udongo ni mwembamba. Ulipochonga tuta ulifukia udongo mzuri ukafunua ule usiozaa kitu. Watu walisema, hawakusikilizwa. Julai 1955 mambo yakafika pabaya hapo Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa, na mpango wote ukaachwa.

Nawakumbusha hayo kwa sababu naona dalili ya amri moja kwa mlima mzima katika jambo hili pia. Siku hizi majengo mengi mapya ya shule yana njia ya mteremko mlangoni kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Ni hatua nzuri, natoa pongezi. Lakini nenda ukaione shule ya milimani. Darasa moja nililoliona lina njia hiyo ya saruji, safi kabisa, inaanzia mlangoni na kuishia kwenye mtaro wa maji. Kutoka mtaro mpaka njia kuu kuna ngazi za udongo zilizochimbwa kwa jembe, zinazoteleza mvua ikinyesha, na huku mvua hainyeshi kidogo. Kiti cha magurudumu kitafikaje pale juu? Kama angeulizwa mtoto mwenyewe, au mama anayembeba mgongoni kila asubuhi, angesema saruji ile iwekwe kwenye zile ngazi na kamba ya kushikia ifungwe pembeni. Au angesema darasa lake lihamishiwe chumba cha chini karibu na njia, na la chini lipande juu. Watoto wenye miguu mizima watapanda wakikimbia. Kwa nini tumpandishe mmoja wakati tunaweza kulishusha darasa?

Na mahitaji hayafanani. Niliwahi kuonyeshwa karakana ya ushonaji alimokuwa binti kiziwi. Alikatwa mshahara mara kwa mara kwa kuchelewa kurudi baada ya mapumziko, kwa sababu mapumziko yalimalizwa kwa king'ora. Kumjengea huyu njia ya mteremko ni kazi bure. Yeye alitaka balbu moja iunganishwe na king'ora ili iwake kinapolia. Mimi nikiwa fundi nakuambia, Ndugu Mhariri, hiyo ni kazi ya nusu saa. Tena isiwe ya mapumziko tu. Siku moto ukizuka, king'ora hicho hicho ndicho kitakachowatoa wenzake nje, naye ataachwa anashona.

Sisemi kwamba kila linaloombwa litawezekana. Shule ya kijiji haiwezi kudaiwa lifti, na duka la watu watatu haliwezi kubeba gharama za kampuni kubwa. Ndiyo maana sheria zenyewe zinasema marekebisho yawe yanayofaa. Lakini huku kwetu kauli ya "hatuna fungu" hutolewa kabla mtu hajauliza bei. Mwalimu haulizi, anasema hakuna fungu. Meneja haulizi, anasema hakuna fungu. Fungu la kuhamisha dawati ni kiasi gani?

Ombi langu kwa wahusika ni hili. Maafisa elimu wa kata, mnapopita shuleni kukagua maandalizi ya mitihani, msihesabu madawati tu. Ombeni orodha ya watahiniwa kabla haijatumwa, mwite kila mtoto mwenye shida ya macho, masikio au mikono, mlinganishe na alivyoandikwa. Kosa likigunduliwa siku ya mtihani limekwisha kuwa kosa la maisha. Na maafisa kazi, mnapokwenda kwa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, msitosheke na ile asilimia 3 kwenye karatasi. Mwulizeni huyo aliyeajiriwa mahali anapokaa, choo anachotumia, na anavyofika ghorofani. Nimepata kusikia habari za watu wanaoajiriwa ili wahesabiwe, kisha wanapewa kiti getini wasiwe na kazi yoyote. Hiyo nayo ni dharau.

Nilisema wajukuu wangu wenye ualbino ni wawili. Wa pili ni msichana, mdogo wake yule mvulana, naye bado yuko shule ya msingi ile ile. Mwezi uliopita nilipanda kwenda kuwasalimu, nikapita shuleni, nikachungulia darasani kwao kwa ruhusa. Nilimkuta amekaa dawati la nyuma, ubavuni mwa dirisha la mashariki, mkono mmoja umekinga jua na mwingine umeshika kalamu. Nilipomwuliza kwa nini hakai mbele aliniambia, "Babu, kaka alisema ukiomba unaambiwa unasumbua."

Mwalimu wake ni mwingine sasa, kijana, na nimeambiwa ni msomaji wa magazeti. Basi mwalimu wangu, kama barua hii imekufikia, yule msichana unamjua. Dawati la mbele, safu ya katikati, mbali na dirisha. Na jina lake liandikwe vizuri kwenye orodha itakapofika zamu yake.

Fundi Mstaafu,
Bigwa,
Morogoro.